Injini inazunguka, cheche hakuna: pima kwanza, nunua baadaye

Mvua ilitushika tangu Mugogo. Nyuma tulikuwa tumepakia makabichi na magunia manane ya makala, mbele tuko mimi na konvoyeri wangu, kijana msaidizi wa gari. Kwenye kilima cha kuingia Panzi, hapa Bukavu, Hilux ikazimika ghafla, kama mtu aliyefunga kontakti, yaani swichi ya ufunguo. Haikukohoa, haikurukaruka, haikupunguza nguvu kwanza. Ilinyamaza tu, nami nikabaki nimekanyaga breki huku kijana anakimbia kutafuta mawe ya kuweka nyuma ya magurudumu.

Namna ile ya kuzimika ilikuwa tayari inatuambia kitu, ila siku ile sikuwa na masikio ya kuisikia. Gari la petroli likikosa mafuta, mara nyingi hufa polepole: linakohoa, linavuta, linakataa, linajaribu tena. Likikatika umeme wa alumaji, yaani wa kutoa cheche, linakufa mara moja. Kwa hiyo kabla hujagusa kitu chochote, kumbuka lilikufa vipi.

Nazungumzia gari la zamani, lisilo na kompyuta: batri, kontakti, bobini inayokuza umeme (ndugu zetu wa Dar na Nairobi wanasema koili), delko inayogawa umeme kwa kila silinda, yenye viplatine ndani (vidude viwili vya chuma vinavyofunga na kufungua njia ya umeme), waya nene, na buji, yaani plagi. Yangu ni ya silinda 4. Gari za aina hii bado ni nyingi huku Bukavu, zinapanda Walungu na kushuka Kamanyola kila siku, na zinawalisha watu. Ndiyo maana naumia nikiona mwenye gari anaacha pesa ya wiki nzima kwenye duka la vipuri kwa ajili ya pane, yaani hitilafu, ambayo taa moja ndogo ingeionyesha kwa dakika kumi.

Mimi niliiacha. Kwa siku mbili nilinunua bobini mpya, buji nne, kondensateri (kapasita) na kifuniko cha delko. Dola 65 zikaenda, na injini iliendelea kuzunguka bila kuwaka. Makabichi tuliyashusha kwa bei ya hasara palepale barabarani. Siku ya tatu nikamwendea papa mmoja fundi, jirani yetu wa Kadutu, mtu aliyezeeka ndani ya injini hizi. Alisimama mbele ya kapo (boneti) akauliza:

— Umepima nini?

— Nimebadilisha bobini, papa, na buji, na...

— Sikuuliza umebadilisha nini.

Akatoa mfukoni taa yake: balbu ndogo ya volti 12, ya zile za pembeni ya gari, yenye nyaya mbili zilizochomelewa kwa risasi, moja ina kibano na nyingine ina msumari. Chombo chote ni hicho tu. Tengeneza cha kwako leo. Lakini tumia balbu ndogo ya wati 5, siyo ya taa kubwa ya mbele.

Kwanza hakikisha kweli cheche hakuna. Weka gari katika nyutro, vuta breki ya mkono, na kama uko kwenye mteremko kama sisi, mawe yawe kwenye magurudumu. Chomoa waya nene wa katikati kwenye kifuniko cha delko, ule unaotoka kwenye bobini. Ushike kwa kibanio kikavu cha mbao cha kuanikia nguo, ncha yake iwe milimita 5 au 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na karbirateri, kisha mwenzako apige demareri (stata). Cheche nzuri ni ya buluu na inalia: ta, ta, ta. Ya njano, nyembamba, isiyo na sauti, ni dhaifu. Usiushike kwa mkono, maana umeme unaotoka pale unafika maelfu mengi ya volti. Na usiuache waya huo unaning'inia hewani wakati injini inazungushwa: umeme ukikosa pa kutokea utapasua njia ndani ya bobini yenyewe.

Ukiona cheche ya buluu pale, bobini na viplatine havina kosa, shida iko mbele: kifuniko, rota inayozunguka chini yake, nyaya za buji au buji zenyewe. Huku kwetu, ambako asubuhi ukungu unapanda kutoka ziwani na mvua haiishi, kifuniko ndicho mgonjwa wa kwanza. Kifungue, kikaushe kwa kitambaa, kisha kiangalie ndani kwenye mwanga. Ufa unaopitisha umeme unaonekana kama mstari mwembamba wa kalamu ya risasi. Angalia pia kile kikaa kidogo cha katikati: kiwe kizima na kirudi kwa springi ukikibonyeza. Usiku ukifungua kapo injini ikiwa inawaka, utaona cheche za buluu zikitembea juu ya nyaya zilizochoka. Sehemu hiyo haihitaji maneno mengi.

Penye maneno mengi ni pale cheche ya katikati inapokosekana kabisa, kama kwangu.

Papa alianza na batri. Batri iliyojaa ina volti 12.6 hivi gari likiwa limepumzika. Demareri ikinyonya mpaka volti zinashuka chini ya 10, cheche inaweza kukosekana hata kama vyote vingine ni vizima. Yetu ilikuwa sawa. Akakwangua vichwa vya batri, akaangalia waya wa masi (njia ya umeme kurudi kwenye hasi ya batri kupitia chuma cha gari) unaotoka kwenye injini kwenda kwenye bodi, kisha akafungua kontakti na kugusa kwa taa upande wa chanya wa bobini. Taa ikawaka. Maana yake kontakti, fiyuzi na waya wa kuja havina neno.

Hapa niongeze jambo ambalo limewapotosha wengi. Gari nyingi za miaka ile zina rezista kabla ya bobini, mara nyingi kijiti cheupe cha kauri kilichofungwa karibu nayo. Wakati wa kupiga demareri umeme huipita pembeni, na ukiachia ufunguo ndipo hupita ndani yake. Kwa hiyo gari likiwaka wakati demareri inalia halafu likafa mara tu unapoachia ufunguo, usiitukane bobini: pima rezista hiyo au kontakti yenyewe. Na ukinunua bobini, soma maandishi yake, kwani iliyotengenezwa kwa kutumia rezista ukiifunga bila rezista itachemka na kuunguza viplatine.

Kisha papa akahamia upande wa hasi wa bobini, ule wenye waya mwembamba unaoingia kwenye delko. Hiki ndicho kipimo ninachotaka ukishike kuliko vingine vyote. Unafunga kibano cha taa kwenye masi, msumari kwenye hasi ya bobini, mwenzako anapiga demareri. Viplatine vikifunga, taa inazimika, vikifunguka, inawaka. Kwa hiyo taa inapaswa kupepesa. Ikipepesa na bado cheche hakuna, tazama kondensateri na bobini upande wake wa umeme mkali. Ikiwaka moja kwa moja bila kupepesa, viplatine havifungi, au ni vichafu, au waya umekatika, au bamba la ndani ya delko limepoteza masi. Ikikaa imezimika moja kwa moja huku chanya ina umeme, mambo ni mawili: bobini imekatika ndani, au umeme unakimbilia kwenye masi bila ruhusa.

Yetu ilikaa imezimika.

Akachomoa ule waya mwembamba kutoka kwenye bobini, akagusa tena. Taa ikawaka. Basi bobini ni nzima, na wala si ile mpya tu: tulirudisha ile ya zamani, nayo ikapita. Kosa liko ndani ya delko. Akaurudisha waya, akafungua kifuniko, akamwambia kijana azungushe kidogo ili aone kama rota inageuka (isipogeuka, gia au cheni ya injini imekatika, na hiyo ni safari nyingine). Ikageuka. Akachana kipande cha karatasi safi ya daftari, akakiingiza katikati ya viplatine ili visigusane kabisa. Taa bado imezimika. Kama viplatine vimetenganishwa na umeme bado unapotea, basi unapotelea mahali pengine. Akachomoa kondensateri, maana iliyokufa kwa ndani humwaga umeme wote kwenye masi. Bado.

Akawasha tochi ya simu, akainama, akaniita niangalie. Ndani ya delko kuna kipande cha waya kama sentimita 5, kinachotoka kwenye bolti ya ukutani kwenda kwenye viplatine. Fundi mmoja wa zamani, simjui, alikuwa ameweka waya wa umeme wa nyumbani, ule mgumu wenye uzi mmoja wa shaba. Upande wa chini plastiki ilikuwa imelika, sehemu isiyozidi punje ya mtama, na shaba ilikuwa inang'aa. Juu ya bamba, mkabala nayo, kulikuwa na doa jeusi lililoungua.

Lile bamba halikai mahali pamoja. Kila unapokanyaga gesi, kile kidude cha upepo kilicho pembeni ya delko hulivuta au kuliachia, nalo huzunguka kidogo. Waya wa pale lazima uwe laini, wa nyuzi nyingi nyembamba, uliolegea kidogo. Mgumu husuguliwa kila siku mpaka ngozi inaisha. Kwenye kilima cha Panzi, mguu wangu ukiwa chini kabisa, ndipo shaba ilipogusa chuma.

Papa alikata waya laini wa spika ya redio, akauchomelea kwa risasi, akaupitisha mbali na bamba. Viplatine akavifuta kwa karatasi safi. Msasa alikataa, kwa sababu chembe zake hubaki katikati na kuviunguza. Nafasi yake kwa injini yetu ni milimita 0.45. Vibati vya kupimia hatukuwa navyo, akapanga nyembe nne za kunyolea, kwani kila moja ina unene wa milimita 0.1, akaacha zipite kwa ulegevu kidogo. Injini iliwaka mara ya pili tulipopiga demareri.

Angalizo la mwisho kwa wanaopima wenyewe: usiache kontakti wazi kwa muda mrefu injini ikiwa imesimama. Viplatine vikiwa vimefunga, bobini inachemka na inaweza kuungua wakati wewe unatafuta kosa lingine. Na kipuri cha zamani usikitupe mpaka kipya kithibitike, hasa kondensateri, kwa maana sokoni mpya zilizokufa ni nyingi. Ukiichomoa kondensateri na cheche dhaifu ya njano ikatokea mahali ambapo hakukuwa na kitu, iliyokuwa imefungwa ndiyo mbovu.

Taa yangu iko kwenye kopo la maziwa chini ya kiti, pamoja na nyembe nne, karatasi ya daftari, kibanio cha nguo na nusu mita ya waya wa spika. Bobini ya zamani pia imo humo.