Walsh wanne katika kitongoji kimoja: wa kwangu ni yupi?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Walukuba, Jinja. Babu yangu mzaa baba, wa ukoo wa Walsh, alikuwa Mwairishi, fundi aliyekuja wakati wa ujenzi wa bwawa la Owen Falls. Aliondoka baba yangu akiwa bado ananyonya, na hakurudi tena. Tulichobaki nacho ni nakala ya cheti chake cha ubatizo cha mwaka 1913, chenye jina la kitongoji katika kaunti ya Mayo, Ayalandi. Mpwa wangu ametafuta kwenye intaneti akapata orodha ya zamani wanayoiita Griffith. Humo, kwenye kitongoji hicho hicho, wapo Walsh wanne. Wawili wanaitwa Patrick, na mmoja wao ameandikiwa "John" kwenye mabano. Wa kwangu ni yupi? Na kaka yangu anauliza: kama jina la ukoo limo, je, tuna haki kwenye shamba lile? — Binti wa Walsh, Jinja.

JIBU: Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana imenirudisha kwenye masjala ya ardhi nilikofanya kazi tangu ujana wangu hadi kustaafu. Mwaka wangu wa kwanza alikuja mzee kutafuta kibanja, yaani kipande cha ardhi alichokaa kama mpangaji, cha marehemu baba yake. Nilihangaika na jina siku tatu, na majina ya namna ile yalikuwa kumi na moja. Karani mkubwa akanichukua hadi kwenye ramani, tukasoma namba ya ploti, na kabla ya chakula cha mchana jalada lilikuwa mezani. Nawe fanya hivyo hivyo: shika ploti, jina litakuja lenyewe.

Kwanza ujue orodha aliyoipata mpwa wako ni kitu gani. Richard Griffith alisimamia ukadiriaji wa thamani ya ardhi na nyumba za Ayalandi yote, na matokeo yake yalichapishwa kati ya 1847 na 1864. Shabaha ilikuwa kodi ya kuendesha nyumba za maskini. Hawakuwa wakihesabu watu, kwa hiyo mke na watoto hawamo. Aliyemo ni yule tu aliyeshika ardhi. Watafiti wa koo huking'ang'ania kitabu hicho kwa sababu sensa za karne ile karibu zote zimepotea. Za kuanzia 1821 hadi 1851 ziliteketea kwa sehemu kubwa Dublin mwaka 1922, jengo la Four Courts lilipolipuka katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Za 1861 na 1871 ziliharibiwa na serikali yenyewe, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mpaka leo naumia nikifikiria karani aliyeambiwa azipeleke.

Sisi wa Uganda tunaweza kuusoma mstari wa Griffith bila taabu. Safu ya mkaaji ni mwenye kibanja wetu. Safu ya anayempangisha ni kama mwenye mailo, yaani mwenye ardhi, yule anayepelekewa busuulu, kodi ya kibanja. Kisha yanafuata maelezo, ukubwa wa eneo, thamani ya ardhi, thamani ya majengo, na jumla. Ukikuta neno "offices", usidhani babu alikuwa na ofisi: ni zizi, ghala na vibanda vya uani. Na "parish" inayotajwa pale ni mgawanyo wa kiserikali, kama muluka, wala si lazima ilingane na parokia iliyombatiza babu yako. Itazame pia jumla. Jumla ikiwa pauni 4 au chini ya hapo, kodi ile ilikuwa juu ya mwenye ardhi, si mpangaji, na wakati wa njaa kuu ya Ayalandi ya miaka ya 1840 wenye ardhi wengi waliwafukuza wapangaji wadogo ili kuukwepa mzigo huo.

Sasa hao akina Patrick. Jina la kwenye mabano kwa kawaida ni la baba, lililowekwa ili watu wawili wa jina moja wasichanganywe. Basi huyo ni Patrick mwana wa John. Ni fununu nzuri, lakini haitoshi kumfanya babu wa babu yako.

Usianzie kwa Griffith, anzia karibu nawe. Sensa za 1901 na 1911 zipo salama na zinasomwa bure kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Ayalandi. Babu yako hayumo kwa kuwa alizaliwa baadaye, ila wazazi wake huenda wamo. Cheti cha ubatizo kitakupa majina yao. Yatafute katika kitongoji kile kile. Namba ya nyumba iliyo kwenye sensa iache, haihusiani na namba ya ramani ya Griffith, ambayo ndiyo namba ya ploti.

Ukishampata mkuu wa nyumba wa 1911, ndipo uombe vitabu vya marekebisho. Hivi ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote. Baada ya Griffith, makarani waliendelea kupita ploti kwa ploti: wanakata jina la zamani, wanaandika jipya kwa wino wa rangi nyingine, na pembeni wanaweka mwaka. Unamshika Walsh wa 1911 katika ploti yake na kurudi nyuma, rangi hadi rangi, mpaka miaka ya 1850. Utakayemkuta mwisho wa safari hiyo ndiye wa kumchunguza. Ila mwaka ulioandikwa pembeni usiuchukue kuwa mwaka wa kifo, maana karani aliweza kuchelewa kupata habari. Vitabu vya Mayo vinatunzwa Dublin na Tailte Éireann, taasisi iliyoanza 2023. Andika kuomba nakala, ukitaja kitongoji na namba ya ramani. Ingekuwa kaunti ya Ayalandi Kaskazini, ungevisoma mtandaoni kupitia hifadhi ya nyaraka ya Belfast.

Kaka yako mwambie hapana, na umwambie mapema kabla hajatumia fedha kwa wakili. Orodha ya kodi si hati ya umiliki. Mwenye jina kwenye safu ya mkaaji mara nyingi alikuwa mpangaji tu. Baadaye sheria za ardhi, hasa ile ya 1903, ziliwawezesha wapangaji kununua, na mkiona muhuri wa L.A.P. kwenye vitabu vya marekebisho mtajua ploti hiyo ilinunuliwa kwa njia hiyo. Hata hapo, anayeimiliki leo anajulikana kwa daftari la umiliki na mirathi, si kwa kitabu hiki.

Ukipata majina ya 1911, niandikie tena. Nitumie na namba za ramani za hao Walsh wote wanne, tuzisome pamoja.