Moto wa Uani: Mwenyekiti wa LC1 Atasemaje?

SWALI: Nimepanga Mukono, Uganda, ua una nafasi. Nataka kuchimba shimo la moto tuchome nyama na wageni jioni. Jirani anasema sheria inakataza. Ni kweli?

JIBU: Sheria anayoifikiria jirani huenda ni ile ya mwaka 1974 inayokataza kuchoma nyasi. Hiyo inahusu nyasi, si moto mdogo uliozungushiwa matofali. Lakini moto wako ukitoka ukashika majani ya kiwanja cha pili, umeshavunja sheria hiyo ya nyasi. Moshi unaosumbua majirani nao ni kero mbele ya sheria ya afya ya umma. Mwombe ruhusa mwenye nyumba, kisha mwarifu mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa.

Chimba mita 5 kutoka nyumba, uzio na jiko la makuti au nyasi. Upana sentimita 90, kina 30. Fyeka nyasi mita 2 kuzunguka. Panga matofali ya kuchoma yaliyokauka. Mawe ya mtoni usiyaguse: maji yaliyomo yakigeuka mvuke, jiwe hupasuka na kurusha vipande.

Tumia kuni kavu. Mbichi ni moshi mtupu. Plastiki na mbao zilizopakwa dawa, hapana. Upepo ukivuma, ahirisha.

Weka jerikeni ya lita 20 ya maji karibu. Kuzima, mwaga, koroga, mwaga tena hadi majivu yapoe. Wengi hufukia kwa udongo tu, na makaa hubaki hai chini hadi asubuhi, watoto wakakanyaga. Moto ukiwashinda, piga 999 au 112.