Tuhamie Nairobi ama tubaki Nakuru?

SWALI: Anti, mzee wangu amepata kazi Industrial Area, anataka tuhame wote mwezi ujao. Mimi nauza mitumba hapa Nakuru, na kifungua mimba wetu yuko gredi ya 9. Nifanye aje?

JIBU: Mama, haraka ya nini? Mwache atangulie, Nairobi ni kama kilomita 160 tu, wikendi anapanda matatu anakuja. Huyo mtoto amalize mtihani kwanza. Na nyumba usichukue kwa picha za simu, nenda mitaa kama Pipeline ama Umoja mwenyewe, fungua mfereji, uliza majirani maji huja siku gani, halafu piga hesabu ya depositi na fea, maana ikinyesha makanga hupandisha bila huruma. Kibanda usiuze bado.