Kabla hujaziba tundu: kwa vijana mnaoanza kuhifadhi majengo ya haki za kiraia

Kazi hii niliianzia Mji Mkongwe, Unguja, nikichanganya chokaa na mchanga chini ya mafundi wazee ambao hawakukuachia mwiko mpaka waone mikono yako imezoea. Kwangu jengo la kuhifadhiwa lilikuwa lile lenye kuta nene, milango ya nakshi na boriti za mikoko. Nilipohamia kusini mwa Marekani na kuingia kwenye majengo ya harakati za haki za kiraia, yaani mapambano ya Watu Weusi dhidi ya ubaguzi wa rangi, nilipoteza miezi mingi nikitafuta uzuri mahali ambapo haupo. Nyinyi mnaoanza sasa, nisingependa mpoteze muda huo.

Jengo lenyewe mara nyingi ni la kawaida kabisa. Watu Weusi waliofungiwa milango ya hoteli na kumbi za mji walipanga mapambano yao pale ambapo ufunguo ulikuwa mikononi mwao: kanisani, sebuleni, kwenye moteli ya mwenzao. Mjini Birmingham, Alabama, moteli ya A. G. Gaston ilifunguliwa 1954 na mfanyabiashara Mweusi aliyetaka wasafiri wa rangi yake wapate pa kulala pa heshima. Ghorofa mbili, vyumba vimezunguka ua. Ukipita bila kuambiwa, hugeuzi hata shingo. Lakini majira ya kuchipua ya 1963, viongozi wa harakati Martin Luther King, Fred Shuttlesworth na wenzao walikaa chumba namba 30 wakipanga maandamano ya mji ule, na usiku wa Mei 11 bomu likalipuka chini ya chumba hicho.

Sasa jiulize kama fundi. Moteli hiyo ilipanuliwa 1968. Unairudisha ilivyokuwa mwaka gani? Swali hili hujibiwa mezani, kwa maandishi, kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Bila mwaka huo kila mtu atang'oa kwa macho yake. Na hata ukishaupata, kitu kuitwa "cha baadaye" kisikutie haraka ya kukibomoa.

Hili nililijua kwa uchungu. Tulikuwa kwenye kanisa dogo la mashambani, huko huko Alabama. Ramani ilionyesha jiko la nyuma kuwa nyongeza isiyo na thamani, nasi tukaanza nalo. Siku ya tatu tukawa tumeshatoa sinki, makabati na nusu ya sakafu. Akaja bi mkubwa mmoja, muumini wa pale, ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu, kisha akauliza sinki liko wapi. Alitueleza kwamba jiko lile waumini walilijenga wenyewe, kwa sababu mikutano ya usiku ilijaza watu na wanawake walihitaji pa kuwapikia waandamanaji na waliotoka mahabusu. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne, na kazi yake ilikuwa kuosha sahani. Sinki tulilikuta kwenye kontena la taka, limemeguka ukingo. Tulilirudisha na mmeguko wake. Makabati yalikuwa yameshapelekwa jalalani. Tulikuwa na vipimo vya kila ukuta na sampuli za kila rangi, lakini hatukuwa tumetafuta hata nusu saa ya kuzungumza na mwanamke aliyeishi jirani na kanisa.

Tangu hapo wiki yangu ya kwanza haina zana. Nakaa na wazee. Msiwaulize "nini kilitokea hapa mwaka 1963?", maana watawasimulia yale yale yaliyokwisha kusimuliwa kwenye televisheni. Waulizeni mliingilia mlango gani, ufunguo alikaa nao nani, watoto walilala wapi mkutano ulipochelewa. Kama wana nguvu, tembeeni nao ndani, kwa kuwa mzee akifika kwenye ngazi hukumbuka jambo ambalo akiwa kitini halimjii. Rekodini kwa idhini yao, na nakala iachwe kwa familia.

Mtakutana pia na makaratasi ya Rejista ya Taifa, orodha ya serikali ya Marekani ya majengo na maeneo ya kihistoria, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1966. Kwa kawaida inataka jengo liwe na miaka 50 na liwe bado linafanana na lilivyokuwa. Sharti la pili huwaumiza wengi, kwa sababu majengo haya yameendelea kutumiwa na wenyewe: madirisha yamebadilishwa, kuta zimepakwa upya. Msiyafiche mabadiliko hayo. Andikeni nani alibadilisha na kwa nini. Mara nyingi sababu hiyo ni historia yenyewe.

Mfano ninaowapa wanafunzi wangu wote ni nyumba ya Medgar Evers, mpigania haki za Watu Weusi, mjini Jackson, Mississippi. Haina mlango wa mbele. Unaingia kwa ubavuni, kwenye kibanda cha gari. Fundi mgeni angedhani ni kasoro ya mchoro. Kumbe familia ilijua kwamba mtu anayesimama kwenye mlango unaotazama barabara ni shabaha. Juni 12, 1963 Evers alipigwa risasi hapo hapo alipoegesha gari, na risasi ikapita hadi jikoni. Alama yake ukutani imeachwa. Mimi, kwa malezi yangu ya plasta, ningeiziba siku ya kwanza.

Tena msidhani mnahifadhi mambo yaliyokwisha. Kando ya mto Tallahatchie, Mississippi, kibao cha kumkumbuka Emmett Till, mtoto Mweusi wa miaka 14 aliyeuawa na Wazungu 1955, kiliwekwa 2008 kikaibiwa. Vilivyokifuata vilimiminiwa risasi. Cha 2019 kimetengenezwa kwa chuma kisichopenya risasi, na uzito wake unazidi kilo 220. Kimoja cha vile vilivyotobolewa kilipelekwa Washington 2021, kwenye makumbusho ya taifa ya historia ya Marekani. Kilikuwa na matundu 317, na watu walikitazama na matundu yake yote.