Barua kwa mwanangu: muuzaji wa magari aliyemjibu kaka yako

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma kwanza kwa hasira, nikauweka kando, nikaurudia baadaye ili nikujibu nikiwa nimetulia. Unasema uliingia kwenye yadi na fedha ulizodunduliza mwenyewe, maswali umeyaandika kwenye karatasi, kaka yako amekusindikiza tu. Wewe unauliza, muuzaji anamjibu yeye. Ulipotaka kuona kumbukumbu za servisi, akasema hayo mwachie fundi, akaanza kukusifia rangi ya viti. Ulipoomba kuliendesha gari, ufunguo ukawa kwa meneja, na meneja hakuonekana hadi mnaondoka. Sasa unaniuliza: "Mama, nirudi na kaka aongee yeye ili wanisikilize, au nitafute pengine?"

Tafuta pengine. Na huko pengine aongee mwenye fedha, yaani wewe.

Najua utasema mama anajibu kwa uchungu wa mzazi, basi acha nikueleze kwa nini nasema hivyo. Kwanza, usidhani umekuwa mwepesi wa kukasirika. Jambo lililokupata limewahi kupimwa. Mwaka 1991 profesa wa sheria wa Marekani, Ian Ayres, alichapisha matokeo ya jaribio lililofanyika katika maduka ya magari ya eneo la Chicago. Watu walifundishwa kujadili bei kwa namna moja, maneno yaleyale, kisha wakatumwa kuulizia magari mapya. Wanaume Wazungu walitajiwa bei za chini kuliko wanawake Wazungu, na kuliko Weusi, wanaume kwa wanawake. Mwaka 1995 yeye na Peter Siegelman walichapisha jaribio kubwa zaidi, na huko pia wanaume Wazungu ndio walioanza na kumaliza mazungumzo wakiwa na bei nafuu kuliko wengine wote. Maneno yalikuwa yaleyale, kilichotofautiana ni nani aliyeyasema.

Katika utafiti ule wa kwanza kuna jambo lililonichoma kuliko bei zenyewe. Wateja walielekea kupelekwa kwa wauzaji wa jinsia na rangi kama yao, na hao hao ndio waliowapa masharti mabaya zaidi. Kwa hiyo hata ukienda yadi nyingine ukapokewa na mwanamke mwenzako mwenye tabasamu, furahi, lakini uliza maswali yako yote kama ulivyoyaandika.

Sasa utaniambia: kama ni hivyo, si ndiyo sababu ya kumtuma kaka? Nimelifikiria sana hilo. Jaribio lenyewe linaonyesha kwamba uanaume peke yake haukuwa kinga, maana wanaume Weusi walitajiwa bei za juu. Ila sababu yangu kubwa ni nyingine. Bei ni sehemu moja tu ya ununuzi wa gari. Kaka yako anaweza kupunguziwa, nikubali hivyo, lakini atakayesaini mkataba ni wewe, atakayelipa kila mwezi ni wewe, na siku gia zitakapoanza kugoma atakayerudi pale kudai waranti ni wewe. Mtu aliyeshindwa kukujibu wakati anazitaka fedha zako atakujibu vipi akishazipata? Kaka yako aende nawe, akae karibu, asikilize, akumbuke yaliyosemwa. Muuzaji akimgeukia yeye, na ajibu sentensi moja: "Mnunuzi ni dada yangu." Nimeshamwambia, na amekubali.

Nataka pia ujue kinachomfanya muuzaji awe hivyo. Simtetei. Nakueleza ili usitembee na maneno yake kifuani kana kwamba ni hukumu juu yako. Wauzaji wengi wa magari hupewa mshahara mdogo, na riziki yao hasa ni kamisheni inayohesabiwa kwenye faida ya gari walilouza, pamoja na nyongeza wakifikisha lengo la mwezi. Muda anaoutumia kukutafutia kitabu cha servisi haulipwi. Kwa hiyo mteja akivuka tu mlango, muuzaji anaanza kukisia: huyu ananunua leo, au anatembea tu? Anatazama nguo, umri, gari alilokuja nalo, nani kaandamana naye. Mwenye maswali mengi huwekwa kwenye kundi la wanaopoteza muda, wakati kwa kweli mara nyingi ndiye aliyekuja kununua. Wewe ulikuwa na fedha taslimu za kishika uchumba, yaani malipo ya awali ya gari, mfukoni, na hakukuona.

Kutosaidiwa kuna sura nyingi, na nyingine zina tabasamu. Kuna kupigiwa simu "gari lipo, njoo", ukifika limeuzwa asubuhi ile, ila lipo jingine zuri zaidi, ambalo kwa kawaida lina bei ya juu zaidi. Kuna "ngoja nimuulize meneja", akaenda na kurudi, akaenda tena, mpaka mchana umekwisha na wewe umechoka kiasi cha kukubali chochote ili uondoke. Wengine huchukua ufunguo wa gari lako la zamani ati wanalithamini, kisha ufunguo haurudi hadi umesikiliza maneno yao yote. Na kuna lile ninaloliona baya kuliko yote: wanakuruhusu uende nyumbani na gari kabla mkopo haujaidhinishwa. Unalizoea, umeshawaonyesha rafiki zako, kisha unaitwa na kuambiwa mkopo ule umekataliwa, saini huu mwingine wenye riba kubwa. Watu hukubali kwa aibu ya kulirudisha. Usiondoke na gari lolote la mkopo hadi mkopeshaji mwenyewe amethibitisha kwa maandishi.

Hata hivyo lililokupata wewe, kunyimwa majibu, ndilo ninalotaka ulielewe kwa undani, kwa sababu watu hulichukulia kuwa utovu wa adabu tu. Mwaka 1970 mchumi George Akerlof alieleza soko la magari yaliyotumika kwa namna ambayo sijaisahau. Muuzaji anajua hali ya gari, mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zima na bovu, anakubali kulipa bei ya katikati tu. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimlipi, analiondoa sokoni. Mwenye bovu anabaki, kwa kuwa kwake bei hiyo ni neema. Hivyo magari mabovu yanayafukuza mazima, na hasara inawafikia hata wauzaji waaminifu. Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya yaliyomfanya apate tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz.

Sasa itazame yadi yako kwa jicho hilo. Kinachoweza kupunguza pengo kati yako na yule muuzaji ni majibu: limepata servisi lini, limewahi kugongwa, mkanda wa taimingi wa injini umebadilishwa au bado, mmiliki wa mwisho alikuwa nani. Anayekunyima majibu hayo anakuacha gizani kwa makusudi au kwa uvivu, na kwako matokeo ni yaleyale. Swali lisilojibiwa lihesabu kama limejibiwa vibaya. Akikwepa kusema kama mkanda umebadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa, weka gharama yake juu ya bei, kisha ujiulize kama bado unalitaka.

Wauzaji wema wapo, na sitaki uwaone wote kwa macho ya yule mmoja. Mimi mwenyewe nilipokuwa natafuta gari, muuzaji mmoja aliniona nazunguka gari jeupe nililokuwa nimeshalipenda. Akaja akaniambia bila kuulizwa kwamba liligongwa nyuma, akainua zulia la buti akanionyesha mahali palipochomelewa. Siku ile hakuuza kitu. Nilirudi kwake kununua gari jingine, na shangazi yako naye nikampeleka kwake. Alikuwa mtu mkimya, hana maneno matamu hata kidogo. Ndiyo maana nakuambia usimpime muuzaji kwa uchangamfu. Mpime kwa kitu anachokuambia ambacho kinaweza kumkosesha mauzo.

Kuhusu bei, ipate kwa maandishi, kila kitu kwenye mstari wake: gari, usajili, usafirishaji, "ada ya makaratasi", waranti ya ziada, dawa ya kulinda rangi. Nchini Marekani malalamiko ya wanunuzi yalifika mbali hadi mwaka 1958 ikatungwa sheria ya kubandika bei ya kila gari jipya kwenye kioo chake, pamoja na bei za vifaa vya ziada na gharama za usafirishaji. Seneta aliyeisimamia aliitwa Mike Monroney, na karatasi hiyo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Ilihitajika sheria ili mteja aone bei bila kuiomba! Pasipo na sheria kama hiyo, karatasi yako ndiyo sheria yako. Muuzaji akikataa kuandika bei aliyoitamka, hakuna haja ya kubishana naye, beba mkoba wako.

Na akikuuliza "unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi?", usimjibu. Hilo ndilo swali ambalo wauzaji wasiosaidia huwa wepesi sana kuliuliza, na linasikika kama huruma. Ukishataja kiasi, atarefusha mkopo hadi gari lolote lienee humo. Nimekupigia hesabu. Chukua riba ya asilimia 15 kwa mwaka, juu ya salio linalopungua, yaani inahesabiwa kwenye deni lililobaki tu. Ukilipa kwa miezi 36, riba yote inafika karibu asilimia 25 ya ulichokopa. Ukirefusha hadi miezi 60, rejesho la mwezi linashuka kwa takriban asilimia 31, na utaona nafuu, lakini riba yote inapanda hadi karibu asilimia 43. Gari ni lilelile, limezeeka zaidi, na bado unalilipia. Zungumza bei kamili ya gari kwanza, ukamilishe. Gari lako la zamani lizungumzwe baadaye, peke yake. Mkopo uje mwisho, na uwe umeshaulizia benki au kwenye chama chako cha akiba kabla ya kwenda.

Yule muuzaji wa kwanza mwandikie bosi wake. Taja tarehe, gari lenyewe, ulichouliza, na ulichojibiwa. Maneno machache, bila matusi. Wateja wengi wanaotendewa hivyo huondoka kimya, na mwenye duka anabaki akidhani biashara imekuwa ngumu tu. Bosi akikujibu kwa heshima, akakupa mtu mwingine wa kukuhudumia, na gari bado unalipenda, unaweza kurudi. Lakini urudi kwa sababu umeitwa kama mnunuzi, kaka yako akiwa pembeni.

Unapokwenda pengine, nenda asubuhi, siku isiyo na watu wengi, gari likiwa halijawashwa. Gusa boneti, iwe ya baridi, maana injini iliyopashwa moto mapema huficha mlio wa kuwaka kwa shida. Lione kwenye mwanga, na kavu, kwa kuwa maji juu ya bodi hufunika mikwaruzo na rangi iliyopigwa upya. Liendeshe mwenyewe, redio ikiwa imezimwa hata kama muuzaji anapenda muziki. Omba fundi wako alikague kabla hujatoa kishika uchumba, na kama utatoa, risiti iseme wazi kama kinarudishwa ukighairi. Wakikataa fundi wako asiliguse, mazungumzo yamekwisha hapo hapo.

Halafu nitumie namba ya chesisi. Isome kwenye gari lenyewe na kwenye hati, uhakikishe zinafanana herufi kwa herufi. Kwa magari mengi ni herufi na tarakimu 17, ingawa yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japani huwa na namba fupi, hivyo usishtuke ukiikuta fupi. Piga na picha ya kilomita kwenye dashibodi, na picha za kitabu cha servisi kurasa zote, hata zilizo tupu. Nitakaa na fundi wetu tuzipitie jioni hiyo hiyo, nami nitakupigia kabla hujalala.

Mama yako