Printa imegomea katriji za bei nafuu

Dada, pole. Unasema printa ya steshenari yako ilikubali katriji (vile vikasha vya wino) za bei nafuu vizuri tu, ukaiunganisha na WiFi, kesho yake ikazikataa. Fundi aliyekuambia katriji zimekufa anakudanganya, hazijafa. Printa imejisasisha yenyewe, na sasa inakagua kile kichipu cha rangi ya shaba kilichobandikwa kwenye katriji. Kama si cha kampuni yake, inagoma.

Septemba 2016 printa nyingi za HP ziligoma hivyo hivyo. Watu wakawaka mitandaoni, kampuni ikaomba radhi kwa kutowaeleza wateja vizuri, ikatoa programu ya kuondoa zuio. Mtindo wenyewe haukuachwa. Kwangu huo ni ujanja ujanja: mashine umenunua wewe, wino wanakupangia wao!

Itoe kwenye WiFi, tumia waya wa USB, zima masasisho. Haitarudi ilivyokuwa, ila hutaongezewa kufuli. Muulize muuzaji kama ana katriji zenye chipu mpya.

Ukipata hela, kwa kazi za CV na notsi chukua printa ya leza inayochapa nyeusi tu; tona, yaani wino wake wa unga, haikauki hata ukifunga duka wiki mbili. Kwa picha za rangi, chukua printa ya tangi, ile unayoijaza wino wa chupa.