Sewall hakuwa msaliti

Jarida limeuliza wiki hii: je, aliyebaki upande wa mkoloni wakati wenzake wanapigania uhuru ni lazima aitwe msaliti? Mimi nasema hapana, na nikitakiwa kutoa mfano namtaja Jonathan Sewall, mwanasheria mkuu wa Massachusetts, koloni la Uingereza huko Amerika, kuanzia 1767.

Sewall alikula kiapo kwa Mfalme wa Uingereza, akakishika. Wala hakuwa adui wa wanyonge. Mwaka 1769 alimtetea mtumwa aitwaye James dhidi ya bwana wake, Richard Lechmere, na James akapata uhuru wake. Wakati huohuo pale Boston, baadhi ya waliodai uhuru kwa sauti kubwa walikuwa na watumwa majumbani mwao. Jambo hili silipiti kirahisi.

Rafiki yake wa chanda na pete alikuwa wakili John Adams, ambaye baadaye alikuwa rais wa pili wa Marekani. Julai 1774 wote wawili walikuwa Falmouth kwa shughuli za mahakama. Asubuhi moja walipanda kilima kinachotazama ghuba ya Casco, na huko Sewall akamsihi mwenzake asiende kwenye Kongresi ya Philadelphia, mkutano wa wajumbe wa makoloni yaliyoipinga Uingereza, kwa kuwa Uingereza isingerudi nyuma na nguvu zake zingewaponda. Adams akamjibu kwamba azame au aelee, aishi au afe, yuko na nchi yake. Msaliti gani humwonya mpinzani wake hivyo, ana kwa ana?

Wapo watakaosema alitetea mshahara. Vyeo vya Mfalme alivipenda, hilo sikatai. Lakini Septemba 1774 umati ulivamia nyumba yake Cambridge na kuvunja madirisha, mkewe Esther akiwa ndani. Mwaka uliofuata akahamia Uingereza, na mali zake zikataifishwa. Mwenye kujali tumbo tu angegeuka mapema; njia ilikuwepo, maana John Hancock mwenyewe, mmoja wa viongozi wa wapigania uhuru, alikuja kumwoa Dorothy, mdogo wake Esther.

Baada ya vita vya uhuru wa Marekani, Adams alipelekwa London kuwa balozi, akamtafuta Sewall. Sewall ameandika kwamba Adams alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akamwita rafiki yake mpenzi wa zamani. Kama Adams, aliyeweka shingo yake rehani kwa ajili ya uhuru ule, aliweza kumsalimu hivyo, sisi wa leo tunapata wapi haki ya kumhukumu kwa ukali zaidi?